Mama Geti na Chuo Kilichofungwa Sita Bila

Kabla hajawa mlinzi, Mama Geti aliuza ndoo na mabeseni ya plastiki. Aliyabeba kichwani mtaa kwa mtaa na kuyatangaza kwa sauti ambayo mtu aliisikia leo akanunua kesho, maana ilikuwa bado iko sikioni. Asubuhi moja alifika kwenye geti la chuo kidogo cha ufundi, akagonga. Mlinzi wa siku hizo alikuwa kitini, kichwa nyuma, mdomo wazi, nzi wakiingia na kutoka kama wenye vitambulisho. Mama akashusha mabeseni, akavuta pumzi, akasema neno moja.

"Hodi!"

Mlinzi akaanguka na kiti chake. Kwenye karakana ya useremala mwanafunzi akakata ubao aliokuwa bado anaupima. Ofisini, Mkuu wa Chuo akajimwagia chai ya moto mapajani, akatoka mbio huku anajipepea kwa faili.

"Nani kapiga hodi hiyo?"

"Mimi, baba," akasema mama. "Samahani. Nimeipiga ya chini chini, sikutaka kusumbua."

Mkuu akamtazama mlinzi aliyekuwa anatambaa kutafuta kofia. Akamtazama mama. Kofia ikabadilisha kichwa siku ileile.

Mshahara ulikuwa wa kuonjea tu, haukushibisha. Lakini kazi ilikuja na utamu mmoja: mtoto wa mfanyakazi anasoma bure. Na Mama Geti alikuwa na binti yake wa mwisho, mtoto aliyekuwa anashona nguo za wanasesere tangu hajaota meno ya pili. Binti akaingia darasa la ushonaji. Mama akaingia kibanda cha geti. Kilikuwa na kiti kimoja chenye mguu wa tofali, rimu ya lori iliyoning'inia nje kama kengele, na dirisha ambalo juu ya ukingo wake ilikaa simu ya chuo. Simu ilikaa pale kwa sababu chuo kizima mtandao ulikubali kupita hapo tu, karibu na birika. Kwa hiyo kila mzazi aliyepiga simu chuoni alipokelewa na Mama Geti, na alilazimika kuiweka simu mbali na sikio.

Chuo chetu chenyewe kilikuwa kinachechemea. Kilifundisha ushonaji, useremala na upishi, na kila muhula madawati yalibaki matupu zaidi. Kibao cha barabarani kilishapoteza herufi za mwisho, kikabaki kusoma CHUO CHA UFU, kama vile humo ndani watu wanafundishwa kufa. Mwenye jengo, mzee mmoja mwuza saruji ambaye watu walimwita Mzee Saruji, hakuwa na ubaya na mtu, ila kila akiona chumba alijiuliza mifuko mingapi ingekaa. Siku hizo alikuwa akija na tepu ya kupimia. Anapima darasa huku watu wamo, anawaambia, "Inueni miguu kidogo."

"Mkuu," alisema siku ya mwisho aliyokuja, tepu ikijikunja yenyewe mkononi mwake, "mimi nakupenda. Lakini muhula mpya ukianza nikakuta viti vitupu hivi, wewe utatoa watu na mimi nitaingiza saruji. Saruji hailii, haili, haiombi ruhusa kwenda msalani."

Mama Geti alisikia yote, maana alikuwa amesimama nyuma ya mlango akijifanya anafagia. Binti yake alikuwa amebakiza muhula mmoja tu amalize. Muhula mmoja! Mtu anaogelea mto mzima halafu anazama kwenye mchanga wa ng'ambo?

Mkuu naye alikwenda semina. Alirudi macho yanawaka, akaamuru rimu igongwe, akasimama kwenye ngazi iliyovunjika.

"Ndugu zangu! Nimefunuliwa. Chuo kidogo hakiokolewi na vitabu, kinaokolewa na mpira! Chuo chenye timu kinasemwa. Kinachosemwa kinajulikana. Kinachojulikana kinajaa. Tuanzishe timu!"

"Wachezaji tutatoa wapi, Mkuu?" akauliza mwalimu wa useremala, penseli nyuma ya sikio.

"Wewe ndiye kocha, tafuta."

Kocha akatafuta. Wavulana wote wa chuo walipokusanywa, hata yule aliyekuwa anavaa miwani miwili kwa zamu, bado golini hapakuwa na mtu. Ndipo akachaguliwa mwalimu wa upishi, Mwalimu Sufuria, kwa sababu moja tu: alikuwa mpana. "Hata asipocheza," alisema kocha, "ataziba."

Jezi zikashonwa na darasa la binti wa Mama Geti, kwa kitambaa cha maua kilichobaki kwenye makochi. Mwalimu wao wa ushonaji, mama mmoja asiyecheka, alikuwa na imani kwamba nguo isiyo na mfuko haijaisha. Kwa hiyo jezi zilitoka na kola, vishikizo, mkunjo wa pasi mgongoni, na mifuko miwili mbele, mirefu ya kuingiza mkono mpaka kiwiko.

Mama Geti mpira hakuujua hata wa kuazima, lakini kama mpira ndio utakaomfikisha binti yake ng'ambo, ataujua. Mbele ya geti alikaa fundi viatu, mtu aliyeweza kushona soli huku anasimulia mechi ya miaka iliyopita, na mara nyingi alishona kidole. Mama akamwendea na kigoda.

"Fundi, nifundishe maneno ya mpira. Nisije nikaiaibisha timu."

"Leo umekumbuka kuwa mimi ni msomi?"

"Msomi wa visigino. Sema haraka, nina geti."

Fundi akatoa sindano mdomoni. "Kwanza, ukishindwa husemi tumepigwa. Kupigwa ni kwa watu wa baa. Unasema tumefungwa. Na ukishinda, tumefunga. Asiyepata kitu anaitwa bila. Basi. Ukijua hayo matatu, hata redioni wanakuchukua."

"Kufunga, kufungwa, bila," akarudia Mama Geti, akaenda nayo kibandani kama mtu aliyebeba mayai.

Jumamosi timu ikaenda kucheza na chuo cha uuguzi. Jioni ikarudi kwa miguu, kimya, maua ya jezi yamejaa tope. Mwalimu Sufuria alikuwa ametuangusha, lakini si kwa uvivu. Ni mazoea. Miaka yote jikoni alijifunza kutoshika kitu kinachomjia bila kwanza kushika kitambaa. Kila mpira ulipokuja, yeye alitia mkono mfukoni, akatoa kitaulo, akakikunja mara mbili, akageuka. Mpira ulishaingia na kutulia. Wale wauguzi walikuwa waungwana: walitufunga magoli sita, halafu wakatufunga bandeji.

"Poleni, wanangu," akasema Mama Geti akiwafungulia. "Ndo mpira. Nimesikia tumefungwa sita bila."

Alijisikia fundi wa lugha kuliko wote duniani.

Jumapili akaenda sokoni kununua vitunguu. Muuzaji akamuuliza, kama watu wanavyoulizana, "Mama Geti, habari za chuo?"

Mama Geti akatikisa kichwa kwa huzuni ya kitaalamu. "Ah, mama, acha tu. Chuo kimefungwa jana."

"Eti nini?"

"Kimefungwa. Tena vibaya."

Na kwa kuwa sauti yake haikuwa na kipimo cha mtu mmoja, walisikia wa vitunguu, wa nyanya, wa mitumba, na dereva wa mkokoteni aliyekuwa anapita tu na njia zake.

Jumatatu simu ikaanza kulia kabla birika halijachemka.

"Haloo, chuo!"

"Mama Geti? Mimi baba wa yule kijana wa useremala, mwenye miwani. Ni kweli chuo kimefungwa?"

"Kweli, baba. Sina cha kukuficha."

"Jamani! Na nani?"

"Na wauguzi."

"Wauguzi? Kwani kuna ugonjwa?"

"Ugonjwa ni ule wa golini, baba. Mwalimu Sufuria hakushika hata kimoja."

"Sasa… kimefungwa kwa muda gani?"

"Saa moja na nusu tu, baba, mambo yakaisha. Sita bila."

"Sita bila nini?"

"Bila hata kimoja!"

"Na watoto wana hali gani?"

"Wanachechemea, lakini wanakula."

Yule baba akakata simu. Mama Geti akaitazama simu kwa upendo. Kumbe Mkuu alisema kweli! Chuo kinasemwa. Tangu aajiriwe hajawahi kuona wazazi wanakipenda chuo hivi. Simu ya pili, ya tatu, ya mchana, zote zinaulizia matokeo. Alijibu zote, na kila aliposema "kimefungwa" alizidi kuonja utamu wa neno.

Jumanne asubuhi wazazi wakaanza kufika wenyewe. Mama Geti akafikiri wamekuja kutoa pole. Akawatengea benchi. Mama mmoja akapita moja kwa moja hadi bwenini, akatoka na godoro kichwani na binti nyuma yake analia.

"Mama, mbona unamtoa?"

"Nimkalishe hapa anafanya nini? Si mmefungwa?"

"Kufungwa mara moja tu, mama! Usikate tamaa. Jumamosi tunarudiana. Tutafungwa na kufungwa mpaka tuzoee."

Yule mama akamtazama kama anayetazama mtu mwenye homa, akarekebisha godoro, akaenda. Nyuma yake likaja sanduku, ndoo, godoro lingine, na baba wa miwani akimburuta mwanawe, miwani yote miwili mkononi. Hata wachezaji watatu wakaondoka na jezi zao, mikono mifukoni.

Halafu ikaingia honi. Mzee Saruji juu ya lori, anatabasamu mpaka magego.

"Mkuu yuko wapi nimkumbatie? Nimesikia mmefunga wenyewe! Huo ndio uungwana."

Hapo binti wa Mama Geti alikuwa amesimama kwenye mlango wa darasa, tepu ya kushonea shingoni. Akatazama magodoro. Akatazama lori. Akamtazama mama yake. Akaja polepole.

"Mama. Umewaambia watu nini?"

"Ukweli, mwanangu. Kwamba chuo kime…"

Alilisikia neno lile kwa mara ya kwanza kwa masikio ya mtu mwingine. Akakaa kwenye kiti chake, upande wa tofali, kikapinduka, na hakuna aliyemcheka.

Mkuu hakumfukuza. Alikaa naye kibandani, wakanywa chai bila kuongea, jambo ambalo Mama Geti aliliona ni adhabu kubwa kuliko kufukuzwa. Mzee Saruji alieleweshwa, akaondoka shingo upande, lakini akaacha neno: Jumatatu ijayo, siku ya kuanza muhula, anarudi na lori. Na sasa viti vilikuwa vitupu kuliko mwanzo.

"Mkuu, mdomo wangu umekiponza chuo," akasema Mama Geti mwishoni. "Nishone?"

"Usiushone. Ila kuanzia leo, ndani ya uzio huu, hakuna mtu kutamka neno hilo."

Amri ikabandikwa. Mlango ukawa haufungwi, unarudishwa. Vishikizo vinakutanishwa. Skrubu zinakazwa. Mwalimu Sufuria akimwambia mwanafunzi afunike chungu, wote wanamgeukia kwa hofu kusikiliza kama amesema funika au lile jingine. Kocha alijisahau mara moja karakanani, akatolewa nje akapigwe na jua.

Ijumaa, Mama Geti akavuka barabara tena, kichwa chini.

"Fundi, umeniua."

"Mimi nimekufundisha mpira. Sikukutuma ukafundishe soko."

"Haya, nisaidie. Kesho tunarudiana hapa nyumbani. Mkuu ameazima kipaza sauti ili nitangaze, mtaa mzima usikie kuwa chuo kipo hai. Tukifungwa, nikitangaza, tumekwisha. Lakini nimewaza jana kutwa. Hata tukishinda, nitasema nini? Tumefunga?"

Fundi akaacha nyundo hewani. "Loo. Hapo umekamatika pande zote."

"Hakuna mpira wa kutofunga na kutofungwa?"

"Upo. Mkilingana. Hiyo tunaita sare."

"Sare?"

"Sare. Neno safi, halina madhara kwa mtu."

Mama Geti akaondoka akilinong'ona kama dua.

Jumamosi uwanja wa chuo ukajaa, maana watu walitaka kuona chuo kilichofungwa kinachezaje. Magoli aliyatengeneza kocha kwa mikono yake, mbao laini, kona zimeungwa bila msumari. Tatizo mbao zilimwishia. Goli moja lilikuwa pana, lori lingepita na kioo cha pembeni. Jingine dogo, la kupitisha baiskeli. Wauguzi wakanung'unika. Refa akasema si mnabadilishana pande, basi dhambi igawanywe sawa. Na asubuhi hiyohiyo kocha, kwa kupenda kazi yake, alikuwa amelipaka lile goli dogo vanishi.

Wachezaji hawakutosha, kwa hiyo Mkuu mwenyewe akaingia, na tai yake.

Kipindi cha kwanza chuo kililinda goli dogo. Mwalimu Sufuria akalijaza lote kama kizibo. Lakini mpira mmoja ulikuja taratibu, akatoa kitaulo, akakikunja, na mpira ukapita katikati ya miguu yake.

Kipaza sauti kikakohoa. "Wageni wame… wageni… mpira wao umeingia ndani ya nyumba yetu bila hodi!"

Uwanja ukacheka. Mama Geti hakucheka. Alimwona binti yake kwenye benchi la washonaji, anang'ata ncha ya tepu.

Kipindi cha pili wakabadilishana. Golikipa wa wauguzi akaliona lile goli la baiskeli, akasema, "Hapa hata nikilala hauingii." Akakunja mikono, akaegemea mwamba. Jua lilikuwa limeiamsha vanishi. Alipotaka kuondoka, jezi haikutaka. Akavuta, goli likalia, yeye yuko palepale, kama kibao cha matangazo.

"Nimenasa!" akapiga kelele. "Refa, nimenasa!"

Mpira ulikuwa miguuni mwa Mkuu, ambaye aliukuta pale kwa bahati mbaya na alikuwa anajaribu kuukwepa. Katika kuukwepa akaugonga kwa kisigino. Ukabiringika, ukaruka jiwe, ukapita karibu na goti la yule aliyenasa, ambaye aliusindikiza kwa macho tu. Refa akafikiri sana. Katika sheria zote alizozisoma hakuna iliyotaja vanishi. Akapuliza: goli.

"Tume…!" Kipaza sauti kikapiga mluzi. Mkuu, chini ya rundo la wanafunzi, akapunga mkono kwa hofu. "Tume… tumewatembelea! Moja kwa moja! Mkuu wa Chuo amewatembelea kwa kisigino!"

Sasa walilingana. Mama Geti akaanza kuomba muda uende. Ulikwenda kama kobe aliyekula. Karibu na mwisho mpira ukampiga kiwikoni beki wetu, ambaye alikuwa amesimama mikono mifukoni. Refa akaonyesha kidole: penalti. Na goli tulilokuwa tunalinda sasa lilikuwa lile la lori.

Mama Geti akamwona Mwalimu Sufuria katikati ya uwazi ule, mdogo ghafla, mkono ukitambaa kuelekea mfukoni. Akajua kitakachotokea. Kitaulo. Mara mbili. Geuka. Halafu Jumatatu, lori.

Yule muuguzi akapiga hatua, akainua mguu. Mama Geti akavisukuma kando kipaza sauti na waya zake, akavuta pumzi yote aliyokuwa anaiweka tangu siku za mabeseni.

"Mwalimu! Maziwa yanafurika!"

Mpishi ni mpishi. Mwalimu Sufuria hakukumbuka kitaulo, hakukumbuka mpira, hakukumbuka hata yuko wapi. Aliruka upande kwa mikono mitupu, mwili wote hewani, maua ya kochi yakipepea, akakikumbatia kilichokuwa kinaanguka, akatua nacho kifuani.

"Nimeyawahi," akasema, akihema. Akatazama. Ulikuwa mpira.

Filimbi ikalia. Mama Geti akakiokota kipaza sauti, machozi yanamtiririka, akalisema lile neno safi lisilo na madhara kwa mtu, likapita uzio, likapita barabara, likaingia sokoni na nyumba zote hadi mtaa wa tatu.

"Sare! Sare chuoni! Wananchi, sare! Sare imepatikana!"

Jumapili simu ikalia.

"Mama Geti, ni kweli sare?"

"Kweli tupu, mama! Mimi mwenyewe nimeiona kwa macho."

"Nzuri?"

"Usiseme. Imetutoa jasho, lakini nzuri."

"Ya shule?"

"Ya chuo, mama. Ila hata shule wangeionea wivu."

"Nije na mtoto?"

"Njoo na ukoo mzima!"

Zikaja simu nyingine na nyingine. Mama Geti akashangaa jinsi watu wanavyopenda kulingana.

Jumatatu alfajiri alitoka na kikombe cha chai, akafungua kidirisha cha geti, akakuta macho. Nyuma ya macho kulikuwa na foleni, kina mama na watoto, kuanzia geti mpaka kwa fundi viatu na kupinda kona. Shule zote zilikuwa zinafungua wiki hiyo. Wa mbele alishika mkononi kaptula ya mtoto iliyochanika makalioni.

"Tumefuata sare," akasema. "Zile za mifuko. Jumamosi tuliziona kwenye mpira. Mwanangu kila siku anapoteza kalamu, mifuko ile itamwokoa. Mafundi wapo?"

Mama Geti akafungua mdomo. Alitaka kueleza kwamba, mama, sare niliyotangaza ni ile ya moja kwa moja, ya mpira. Maelezo yalikuwa yameshapanda hadi ulimini. Akageuka, akamwona binti yake amesimama uani na ufagio, anatazama ile foleni, na tepu iko shingoni.

Basi kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, Mama Geti akafunga mdomo. Akafungua geti.

"Karibuni," akasema, chini chini kweli. "Mafundi wapo ndani."

Kufika saa ya chai vyerehani vyote vilikuwa vinalia kama nyuki. Maseremala walipewa kazi ya kutengeneza meza za kukatia. Mwalimu Sufuria akapika uji wa watoto waliosubiri, kitaulo begani. Kina mama, walipoona mabinti wadogo wanapima na kukata bila kubabaika, wakaanza kuuliza: na huyu wangu mkubwa aliyekaa tu nyumbani, mnampokea? Mkuu akawa anaandikisha akiwa amesimama kwa mguu mmoja, kisigino chake cha ushindi kimevimba. Magodoro yakaanza kurudi, yakipishana na nguo mpya getini. Baba wa miwani naye alifika, akaomba radhi, akapimwa suruali.

Lori la Mzee Saruji likaja na honi. Halikupita. Akashuka, akasogea mbele kwa mbele, akakutana na mgongo anaoujua. Alikuwa mkewe, na wajukuu wanne.

"Mume wangu, panga foleni."

"Mimi ndiye mwenye jengo!"

"Na mimi ndiye mwenye wewe. Nyuma kule."

Alisimama kwenye foleni mpaka jua likapanda, nyuma ya mtoto mwenye kamasi. Alipofika getini alikuwa ameshaona kila dirisha lina kichwa. Akamuuliza Mama Geti, kwa unyonge wa mtu mwenye njaa, "Kwani hiki chuo, kimefungwa au hakijafungwa?"

"Mzee," akasema Mama Geti, akichagua maneno kama mtu anayechagua mchele, "hakijafunga, hakijafungwa. Kiko sare."

Mzee Saruji aliondoka na lori lake, akiwa ameagiza nguo za kazi za wapakiaji wake wote, zenye mifuko. Kwa amri ya mkewe aliacha saruji ya kuziba ile ngazi iliyovunjika.

Mkuu mpaka leo anasimulia kwenye semina kwamba mpira umeokoa chuo. Anaanza na kisigino na kuishia na kisigino. Timu ipo, bado inafungwa, ila sasa haisemwi hivyo, husemwa "tumetembelewa".

Binti alimaliza muhula wake. Kazi yake ya mtihani wa mwisho ilikuwa nguo ya mlinzi: shati la kola, mkunjo mgongoni, mfuko mmoja wa simu, mwingine wa kikombe. Alibakiza kitambaa, akajishonea na yeye gauni la rangi ileile. Siku ya vyeti walisimama bega kwa bega mbele ya geti, fundi viatu akawaangalia kutoka ng'ambo, sindano mdomoni.

"Ehe! Matokeo?"

Mama Geti akamtazama binti yake, akajitazama, akanyoosha kola.

"Mimi na huyu," akajibu, na mtaa wa tatu ukasikia, "tumetoka sare."